Vidole vya Mama Pasi

Harufu ya kuungua ilipomfika puani, Mama Pasi aliisimamisha pasi upesi akalikagua shati. Lilikuwa la karani mmoja wa mtaani, mtu mwenye mashati matatu na malalamiko mia, na kulichoma hilo kungekuwa kujitafutia makubwa. Shati lilikuwa salama. Akakagua blanketi lililotandikwa mezani, akainama akafuata waya kwa macho hadi kwenye plagi ukutani. Vyote vizima. Harufu haikuondoka, ile harufu ya nywele zilizopitiwa na moto. Ndipo alipouona mkono wake mwenyewe wa kushoto, ule wa kunyooshea kola. Ulikuwa umeegemea meza, na vidole viwili vimeigusa pasi ubavuni, vimetulia tuli kama vimeegemea ukuta.

Akauvuta. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na imeanza kukunjamana. Hakupiga kelele, maana hakukuwa na maumivu ya kupigia kelele. Alisimama akavitazama vile vidole kama vya mtu mwingine, na hofu ikamwingia pale pale, ikatafuta pembe ikakaa. Tangu siku hiyo ikawa mpangaji asiyehama.

Mtu mwingine angesema ni ajali ya kazi. Lakini huyu hakuwa mtu mwingine. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaa mzima kwa sababu ya vidole hivyo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu: meza mbili ndefu, bomba la chuma la kutundikia nguo, na pasi ya mkaa iliyokaa juu ya rafu ikingoja umeme ukatike. Watu walileta suti za harusi, sare za shule, mapazia, na mara moja jaji alileta joho lake. Wote walikuwa wamewahi kumwona akilamba ncha ya kidole na kuigusa pasi chini, mguso mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu akasema, "Hii ya hariri," au, "Bado, hii haijafika hata ya pamba." Kile kigurudumu cha pasi cha kupandisha na kushusha moto alikidharau waziwazi. Alisema kimewekwa kwa ajili ya watu wasiojua kazi.

Mumewe alikuwa Mzee Barafu, na hapo ndipo mtaa ulipopata cha kuchekea. Mzee huyo alikuwa na chumba cha majokofu nyuma ya soko. Alihifadhi samaki na nyama za wachuuzi, akauza barafu kwa mabonge, na kutwa nzima alitembea juani na koti zito la baridi kama mtu aliyepotea njia kutoka nchi za theluji. Watu waliuliza, huyu moto na huyu barafu, chai yao nyumbani ikoje? Mzee alijibu kila mara kwa jibu lile lile, na kila mara alicheka yeye kwanza: "Vuguvugu! Ndiyo maana ndoa yetu haijaungua wala haijaganda."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alizaliwa kwa taabu kubwa. Mama alipoteza damu hadi midomo ikawa rangi ya jivu, akaongezewa chupa kwa chupa za damu za watu asiowajua, akapona, lakini uzazi ukaishia hapo. Sasa binti huyo alikuwa ameolewa mtaa wa pili na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama Pasi alikuwa na ndoto moja iliyobaki duniani, wala haikuwa kubwa: kumwogesha mjukuu wake. Alikuwa amekwisha nunua beseni, la bluu, likakaa juu ya kabati limefunikwa kanga ili lisipate vumbi.

Basi fikiria hofu ya mwanamke huyo akitazama vidole viwili vyeupe.

Na haikuwa ishara ya kwanza, ila ndiyo ya kwanza iliyomkataza kujidanganya. Kwa muda mrefu miguu yake ilikuwa ikimwasha na kumchoma jioni, na kila alipoingia kwenye chumba cha majokofu kumpelekea mumewe chakula alitoka na vidoti vyekundu kwenye miundi, vinavyogeuka zambarau, kisha kahawia. Alisema ni viroboto. Vikaja vingi hadi akaona aibu kuwasingizia viroboto. Akaanza kuvaa soksi ndefu. Magoti yalimuuma, akasema ni uzee. Alichoka kabla ya saa nne asubuhi, akasema ni joto la pasi. Kila kitu alikipatia jina, na kila jina lilikuwa la uongo.

Lile jina alilolihofia kweli hakulitamka. Alipokuwa mdogo alimwona mtu mwenye ukoma akikaa peke yake nje ya nyumba ya ndugu zake, sahani yake ikisukumwa kwake kwa fimbo. Mtu yule alikuwa akishika kaa la moto bila kushtuka, na watoto walikuwa wakimtupia makaa ili wacheke. Mama Pasi alikuwa mmoja wao. Sasa kila alipovitazama vidole vyake aliiona ile fimbo.

Akafunga kitambaa, akamwambia mumewe amejikata. Na huenda angeendelea hivyo hadi kaburini, maana alikuwa hodari wa kunyoosha mikunjo ya kila aina, lau si mkojo. Asubuhi moja aliona umejaa povu, povu zito lisilokufa, kama la ndoo ya kufulia. Alisimama akikitazama choo.

"Mzee," akaita. "Njoo."

Mzee Barafu akaja na mswaki mdomoni.

"Nakojoa sabuni," mkewe akamwambia, na akaanza kulia.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Siku hiyo hiyo soksi zilivuliwa, kitambaa kikafunguliwa, na yule mzee aliyezoea kufanya mzaha hakupata hata mmoja. Alikaa kitandani akaishika miguu yenye madoa, akawa anaipapasa polepole kwa mikono yake ya baridi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba baridi hiyo ilikuwa adui.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Alimgusa kwa pamba, halafu kwa ncha ya kalamu, akimwambia afumbe macho aseme anasikia wapi. Kwenye miguu alianza kusikia katikati ya muundi. Kwenye mikono alianza juu kidogo ya kifundo. Ganzi ilikuwa imemvaa kama glovu. Wakachukua damu, wakachukua mkojo, wakampiga picha ya ini. Majibu yalipotoka daktari alimwita peke yake, maana mzee alikuwa amekimbilia kwenye majokofu, umeme ulikuwa umekatika.

"Si ukoma," daktari akasema kabla hajaulizwa, kwa sababu wagonjwa wote wenye ganzi humuuliza hivyo kwa macho.

Mama Pasi alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu utoto.

"Una kirusi cha homa ya ini, aina ya C. Umewahi kuongezewa damu?"

"Nilipojifungua. Zamani."

"Basi huenda kiliingia hapo. Siku hizo damu haikupimwa kirusi hiki."

Ile damu aliyokuwa akiiombea dua kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa binti yake! Mama Pasi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ini limeoza?"

"Ini lako limevumilia vizuri kuliko nilivyotarajia. Shida yako iko nje ya ini. Mwili umepigana na kirusi hiki miaka yote, na askari wasiopumzika mwishowe huvunja hata nyumba za raia. Nashuku kinga yako imejaza kwenye damu uchafu unaoziba mishipa midogo. Ndiyo madoa, ndiyo ganzi, ndiyo povu kwenye mkojo, maana figo nazo zimeguswa. Lakini nashuku tu. Kuna kipimo cha kuthibitisha."

Kisha akamweleza jambo ambalo Mama Pasi alilishika neno kwa neno. Dawa za kukiua kirusi zipo, ni vidonge tu, lakini huletwa kidogo kidogo, na hospitali huanza na wenye ini baya. Mwenye ini zuri hungoja, na foleni ni ndefu. Kipimo kikithibitisha kwamba damu yake inaziba mishipa, daktari atampeleka mbele. Kisipothibitisha, atangoja kama wengine.

"Na nikingoja sana?"

"Mishipa ya fahamu ikifa, mara nyingi haifufuki," daktari akasema. "Wala figo."

Kipimo chenyewe kilifanyika maabara ya upande wa pili wa mji. Gari la hospitali lilikuwa bovu siku hiyo, kwa hiyo nesi alipomaliza kutoa damu alimkabidhi Mzee Barafu, aliyekuwa amefika akihema, chupa ya chai yenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha damu. "Peleka moja kwa moja, baba, usipite popote. Isije ikaharibika." Akageukia mgonjwa mwingine.

Nje ya lango mzee, mkewe kando yake, aliifungua chupa ili aone anachobeba. Akatia kidole. Maji ya vuguvugu! Mtu aliyeishi miaka thelathini akipigana na uozo, akijua kwa pua samaki aliyekaa nje nusu saa, alisimama pale mdomo wazi.

"Hawa wanataka kuozesha damu ya mke wangu?"

Akayamwaga maji kwenye mtaro. Baiskeli yake ilikuwa na sanduku la barafu nyuma, kama siku zote. Akaponda bonge safi, lile alilomwekea mteja wake mkubwa, akaijaza chupa, akakizika kichupa katikati kwa upole mkubwa. Mama Pasi alimtazama, na moyo ukamlainika. Alijisemea kwamba hata aumwe vipi, mume anaye. Mzee akakanyaga baiskeli hadi maabara kwa kasi ambayo magoti yake yalimdai wiki nzima.

Majibu yalisema hakuna kitu.

Mzee alifurahi, alirudi na soda baridi mbili. Hakuna kitu ni hakuna kitu! Mama Pasi alikunywa yake kidogo kidogo, na vidole vyake havikujua kama chupa ile ilikuwa na ubaridi. Daktari alikuwa amekunja uso akasema basi, pengine ni jambo jingine, tutaendelea kuangalia, na jina lake likabaki nyuma ya foleni. Hakuna kitu, lakini povu lipo. Hakuna kitu, lakini usiku ule soksi zilipovuliwa madoa yalikuwa yamepanda hadi magotini. Ni heri adui mwenye jina.

Binti akajifungua salama, mtoto wa kike, na akaja kupumzika kwa mama yake kama walivyopanga. Hapa naomba mnisamehe kwa niaba ya Mama Pasi, maana alifanya kosa, na alilifanya akiwa na akili zake timamu. Hakumwambia binti yake chochote, si kuhusu kirusi, si kuhusu ganzi. Alimkataza na mzee asiseme. "Atanikataza mtoto," alisema. "Atanisukumia sahani kwa fimbo." Mzee alisema binti yao hana roho hiyo. Mama Pasi alijibu kwamba hofu ya mama mzazi haina roho yoyote, ina meno tu, yeye anajua.

Beseni la bluu likashushwa. Kwa kuwa mikono haikuweza tena kuonja maji, alitafuta njia ya kuizunguka: jagi moja la maji yaliyochemka, majagi mawili ya bomba. Alijaribu mara nyingi mtoto hajafika, akiweka kiwiko, na kila mara yalitoka sawa. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alioga, akafumba macho kwa raha, binti akasema, "Mama, wewe mikono yako ina dawa." Mama Pasi alitabasamu, na mgongoni jasho lilimtiririka. Kila siku aliogopa upya. Alimshika mtoto kwa kutazama tu, kama mtu anayebeba yai kwa kijiko, kwa sababu uzito aliusikia kwenye kiwiko lakini ngozi ya mtoto hakuisikia kabisa. Mjukuu wake wa kwanza, na hakujua kama ni laini.

Asubuhi ile binti aliamka mapema, akiwa na nguvu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akataka kumpunguzia mama yake kazi. Akachanganya maji kwenye beseni, ya vuguvugu ya kutosha, akaliacha juu ya meza, akaenda kutafuta nguo za mtoto. Mama Pasi akaingia. Akaona maji kwenye beseni. Akadhani ni ya bomba. Akawaza, kazi imepungua, akamimina jagi la maji yaliyochemka, kisha kwa mazoea ya maisha yake yote akatia mkono kuonja, akauacha humo akiyakoroga. Mkono ulimwambia kile ulichokuwa ukimwambia kila siku, yaani hakuna kitu.

Akamshusha mtoto.

Kisigino kiligusa kwanza. Mtoto alipiga ukelele ambao Mama Pasi hakuwahi kuusikia kwa kiumbe mdogo namna ile, akajikunja wote kama kiwavi. Bibi akamwinua juu, akarudi nyuma hadi akagonga kabati, na katika kurudi huko maji yakamrukia kwenye mkono, juu ya kifundo, pale palipokuwa bado hai. Yalimchoma. Akajua.

"Nini? Mama, nini?" Binti alikuwa mlangoni na kitaulo mkononi.

Binti akakiona kisigino, chekundu kama pilipili. Akatumbukiza mkono kwenye beseni akautoa mbio. Akautazama mkono wa mama yake, uliokuwa ndani ya maji yale yale muda mrefu tu, umevimba na kuiva, na mama mwenyewe haonekani kuujali.

"Mama. Huoni kwamba ni ya moto?"

"Sisikii," Mama Pasi akasema. "Sisikii kitu, mwanangu. Siku nyingi."

"Nipe mtoto."

"Nilitaka tu..."

"Nipe mwanangu, mama! Usimguse!"

Alimpa. Binti akakimbilia bombani akakimwagia kile kisigino maji kwa muda mrefu, akilia pamoja na mtoto. Hakikutoka hata lengelenge, Mungu alisitiri, kilibaki na wekundu tu na baadaye alama hafifu. Lakini mchana huo binti alifunga vitu vyake. Mzee alimweleza yote wakiwa mlangoni, kirusi, ganzi, figo, foleni, na binti alisikiliza huku amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliye sokoni kwenye wezi. "Mngeniambia," alisema. "Ningemwogesha mwenyewe na yeye angekaa pembeni akaimba. Mngeniambia tu." Akaondoka. Mama Pasi aliyasikia maneno hayo kutoka chumbani, na sijui kama kuna maji ya moto yaliyowahi kumuunguza mtu kiasi hicho.

Walirudi kwa daktari wote watatu, maana binti naye alitakiwa apimwe, aliyenyonya maziwa ya mama mwenye kirusi. Alikaa kiti cha mbali. Daktari alimweleza kwamba kirusi hiki hakipiti kwa sahani, wala kwa kukumbatiana, wala kwa maziwa, hupita kwa damu; kwa hiyo atapimwa ili moyo utulie. Kisha akauvua mkono wa Mama Pasi bandeji, akaukagua.

"Sielewi," akasema mwishowe. "Kila kitu kinaelekeza kule nilikoshuku, na kipimo kinakataa."

"Kipimo hakiwezi kuwa na kosa, daktari," Mzee Barafu akasema, akitaka kusaidia. "Damu niliipeleka mimi mwenyewe. Ilifika mbichi kabisa. Nesi alikuwa ameitia kwenye maji ya uvuguvugu, sijui alipitiwa, mimi nikayamwaga nikaipakia kwenye barafu mpya."

Daktari akaweka kalamu mezani.

"Barafu," akasema.

"Ya maji safi. Ya kuchemshwa."

Daktari hakumkaripia. Alivua miwani akajifuta macho, halafu akasema kosa ni lake pia, hakuwaeleza. Uchafu ule kwenye damu, alisema, una tabia moja: damu ikiwa na joto la mwili huyeyuka usionekane, damu ikipoa hugandana. Ndiyo maana madoa yalikuja kila mama alipoingia kwenye majokofu. Na ndiyo maana damu ya kipimo hiki lazima isafiri ikiwa na joto, la sivyo uchafu wote hunasa chini pamoja na donge la damu, na mpimaji hupima maji matupu. "Ulipoipoza, baba, ulikificha tulichokuwa tunakitafuta."

Mzee alitazama mikono yake, ile ya kubebea barafu, ile iliyokuwa ikiipapasa miguu ya mkewe kila jioni. Kisha mtu yule mzima akainamisha kichwa akalia mbele ya binti yake. Miezi ile yote ya foleni! Mama Pasi ndiye aliyemshika bega. "Nyamaza, mzee. Ungeibeba ovyo ningejua hunipendi."

Mara ya pili Mama Pasi aliibeba mwenyewe. Nesi alikipasha kichupa kwanza, akatoa damu, na Mama Pasi akakitia kwapani, ndani ya kitambaa, akabana. Binti alikaa upande mmoja wa teksi, mzee upande wa pili bila lile koti lake, na madirisha yote yamefungwa licha ya jua kali. Dereva aliwaona vichaa. Mama Pasi alikibana kichupa hadi bega likafa ganzi, akiogopa kukiangusha, akiogopa kukivunja, na akiogopa zaidi kitakachoonekana ndani yake.

Kilionekana. Daktari alimwonyesha siku chache baadaye: kichupa cha maji ya damu, ya manjano, kilichotoka kwenye jokofu. Chini yake pamekaa kitu cheupe, kizito, kama mafuta kwenye mchuzi uliolala. Daktari akakifumba kiganjani akaendelea kuzungumza, na alipokifumbua kile cheupe kilikuwa kinayeyuka. Kikatoweka chote. Maji yakawa safi.

"Hicho kiko ndani yangu?"

"Kiko ndani yako. Sasa tunajua."

Mama Pasi alitamani kukimbia, lakini mtu hukikimbiaje kitu kilicho ndani ya ngozi yake? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, wakadhani wamemaliza. Hawakufika ndani ya nguo.

Akapelekwa mbele ya foleni. Alimeza vidonge kila asubuhi, na vingine vya kusaidia figo, na kila alipomeza aliogopa kwamba amechelewa. Majibu ya binti yalitoka safi, na siku hiyo wazee wawili walilala mapema kama watoto waliochoka kwa kulia. Mzee akaanza kunawa maji ya moto kabla ya kumgusa mkewe, na lile koti akalitundika nje ya mlango. Madoa yakafifia. Povu likapungua. Kipimo kikasema kirusi hakionekani tena kwenye damu. Ganzi haikusema kitu.

Duka, alilokuwa amelifunga tangu mkono uungue, alilifungua tena, ila sasa alitumia kile kigurudumu. Alikigeuza akiwa amewapa wateja mgongo. Kila asubuhi kabla hajawasha pasi aligusa vitu kimoja kimoja, ukingo wa meza, kitasa, sufu, hariri, na kila asubuhi vilikuwa kitu kimoja. Binti alikuja kumtembelea, alimletea mtoto amwone, lakini mtoto alikaa mapajani mwa binti. Mama Pasi hakuomba, na wala hakudhani ana haki.

Halafu siku moja alipokuwa akikunja sare, kidole kidogo cha mkono wa kulia kiligusa pasi. Akapiga yowe lililomfanya fundi viatu atupe nyundo. Mzee akaja mbio kutoka sokoni, amebeba bonge la barafu kwa mazoea, akakumbuka, akalitupa barabarani.

"Umeungua?"

"Kinauma!" Mama Pasi alikuwa amekishika kile kidole kifuani, machozi yanamtoka. "Kinauma, mzee! Kinauma sana!"

Daktari alisema yawezekana vingine vifuate, yawezekana visifuate. Kilikuwa kidole kimoja, kile kidogo, ambacho katika maisha yake yote hakikuwahi kufanya kazi ya maana.

Jumapili iliyofuata binti akaja. Mtoto alikuwa ameanza kuketi mwenyewe. Binti akalishusha beseni la bluu kutoka juu ya kabati, akalisuuza, akachanganya maji, akaliweka mbele ya mama yake. Mtoto akabaki mapajani mwake, uchi, akirusha miguu, na kisigino kile kikionyesha alama kama sarafu ndogo.

"Onja, mama."

Mama Pasi alitazama maji. Hayakutoa mvuke. Alitazama kidole chake, na hofu yote ikarudi, yule mpangaji akafungua mlango kwa ufunguo wake. Angesema "sijui", ingekuwa aibu. Angekosea, ingekuwa zaidi ya aibu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa yeye na kimoja chake atafanya nini? Akakitia. Akangoja. Mwanzoni ilikuwa kama zamani, hakuna kitu, kisha polepole, kutoka mbali, kitu kikaja.

"Ya moto," akasema. "Si ya kuunguza, lakini kwa mtoto ni ya moto. Ongeza ya baridi."

Binti akaongeza. Mama Pasi akatia kidole tena.

"Sasa sawa. Lakini na wewe tia kiwiko, mwanangu. Usiniamini mimi."

"Nilitia kabla sijakuita," binti akasema. "Niliyaacha ya moto makusudi."

Halafu akamwinua mtoto, akampa.